Tabibu Aliyewaandikia Wasio na Tabibu

Wengi wetu twalijua jina la Razi kwa habari ya ndui na surua, kwani ndiye aliyepambanua kwa maandishi kwamba hayo ni maradhi mawili mbalimbali. Mimi nampendea jambo jingine.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi alizaliwa Rayy, Uajemi, mwaka 865. Akawa mkuu wa hospitali huko kwao, kisha Baghdad. Akiketi, wanafunzi humzunguka safu kwa safu. Mgonjwa akija husikilizwa kwanza na walio nyuma kabisa. Wakishindwa hupelekwa kwa walio mbele yao, hata neno limfikie Razi mwenyewe. Mafukara aliwatibu, akawauguza, tena akawapa posho, maana dawa haimfai mwenye njaa.

Wala hakutosheka na hao waliomfikia. Aliandika kitabu kizima kwa ajili ya asiye na tabibu karibu. Humo alieleza maradhi ya kila siku, kama vile ya kichwa, kikohozi na tumbo, na kuyatafutia tiba katika vitu vipatikanavyo sokoni na jikoni. Palipotosha chakula, hakupenda kukimbilia dawa.

Alifariki mwaka 925, macho yake yamekwisha kupofuka.

Nami nasema: mgonjwa wa sukari au wa presha anayerudishwa nyumbani na vidonge mkononi, asielezwe ale nini na ajiepushe na nini, huyo bado hajatibiwa. Razi alilijua hilo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.