Peter Medawar: Aliyebaini kwa nini mwili hukataa kiungo cha mtu mwingine

Na Mwandishi Wetu, Majengo – Songea

Mkazi wa Majengo, Manispaa ya Songea, aliyepandikizwa figo Muhimbili au katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, hurejea nyumbani na dawa atakazomeza kila siku kwa muda wote figo hiyo itakapokuwa ikifanya kazi. Sababu ya sharti hilo ilidhihirika kupitia utafiti wa Sir Peter Medawar.

Medawar alizaliwa tarehe 28 Februari, 1915 nchini Brazili, baba yake akiwa Mlebanoni na mama Mwingereza. Alisomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Oxford. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alichunguza kwa nini ngozi ya mtu mwingine haikudumu kwenye majeraha ya moto. Mwaka 1943, yeye na daktari bingwa wa upasuaji Thomas Gibson wa Glasgow walieleza kuwa ngozi iliyopandikizwa mara ya pili kutoka kwa mtu yule yule ilikataliwa haraka kuliko ya kwanza. Kinga ya mwili ilikuwa imeitambua na kuikumbuka.

Mwaka 1953, pamoja na Rupert Billingham na Leslie Brent, alithibitisha kwa panya kwamba kinga inaweza kufundishwa kuvumilia kiungo kigeni. Mwaka 1960 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Macfarlane Burnet. Alipatwa na kiharusi mwaka 1969, lakini aliendelea kuandika hadi alipofariki dunia jijini London tarehe 2 Oktoba, 1987.

Mwitikio huo wa kinga huchangia ukataaji sugu, ambao huiharibu figo polepole kwa miezi au miaka, mara nyingi bila maumivu. Makovu yakishajengeka hayaondoki. Hivyo tiba hulenga kupunguza kasi ya uharibifu kwa kurekebisha dawa, kudhibiti shinikizo la damu, na kupima damu na mkojo mara kwa mara. Figo ikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu au kupandikizwa upya.

Upandikizaji wa kwanza nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, na Dodoma ikafuata Machi 2018. Kwa aliyenufaika na huduma hiyo, kujisikia mzima si sababu ya kuacha dawa wala kukosa kliniki.