Bonica, mwanamieleka aliyewafunza madaktari kupambana na maumivu

MADAKTARI wanaotibu maumivu sugu hivi leo, wawe wanajifunzia wodini au kwa masomo ya intaneti, wanapita njia iliyofyekwa na mtu aliyeyajua maumivu kwa mwili wake mwenyewe. Mtu huyo ni John Bonica, daktari wa Marekani aliyeaga dunia mwaka wa 1994.

Bonica alizaliwa Februari 16, 1917, katika Filicudi, kisiwa kidogo karibu na Sicily nchini Italia. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi familia yake ilipohamia New York. Babake alifariki mwaka wa 1932, na mzigo wa jamaa ukamwangukia kijana huyo angali mwanafunzi. Alipiga viatu rangi, akauza magazeti na mboga, ilimradi mkono uende kinywani.

Kilichomlipia karo hasa ni mieleka. Alipokuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee, alishindana ulingoni kwa jina la Johnny Bull Walker. Wakati mwingine alivaa kinyago na kuitwa Masked Marvel, ili siri yake isifike masikioni mwa wakuu wa chuo. Alihitimu mwaka wa 1942. Hata hivyo, ulingo uliompa riziki ulimwachia masikio yaliyoharibika na viungo vilivyochakaa. Katika maisha yake alifanyiwa upasuaji mara nyingi, ukiwemo wa kubadilishwa nyonga, na maumivu hayakumwacha hadi uzeeni.

Mwaka wa 1943 mkewe, Emma, alilazwa ili ajifungue mtoto wao wa kwanza. Kazi ya kumpa nusukaputi iliachiwa daktari mwanagenzi asiyekuwa na uzoefu, naye akatumia etha. Emma alitapika, matapishi yakaziba njia ya pumzi, akaanza kugeuka rangi. Bonica aliingilia kati, akaizibua njia hiyo na kumwokoa. Mama na mtoto walipona. Tangu siku hiyo, mafunzo ya wale wanaozuia maumivu hayakuwa kwake jambo la vitabuni tu. Alikuwa ameona kwamba mkono usiofunzwa unaweza kuua hata pale unapokusudia kumpunguzia mtu mateso.

Mwaka wa 1944, akiwa na umri wa miaka 27, Bonica alikabidhiwa idara ya nusukaputi katika hospitali ya jeshi ya Madigan, jimbo la Washington. Hapo alipokea majeruhi wa Vita Vikuu vya Pili. Baadhi yao waliendelea kuungua kwa maumivu ilhali vidonda vilikuwa vimepona, na wengine waliumwa na mguu au mkono uliokwisha kukatwa. Alipotafuta msaada vitabuni, alikuta mada hiyo imeguswa kijuujuu tu. Kila mtaalamu alikijua kipande chake: huyu mifupa, huyu neva, yule akili. Bonica akaanza kuwakutanisha ili wajadili wagonjwa waliowatatiza.

Matunda ya kazi hiyo yalikuwa kitabu chake kikubwa, The Management of Pain, kilichochapishwa mwaka wa 1953. Mwaka wa 1960 aliteuliwa kuongoza idara ya nusukaputi katika Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle. Huko, akishirikiana na mpasuaji wa ubongo Lowell White na muuguzi Dorothy Crowley, alianzisha kliniki ambamo mgonjwa mmoja alichunguzwa na wataalamu wa fani mbalimbali kwa pamoja.

Wakati huo sayansi nayo ilikuwa ikibadilika. Mwaka wa 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una mfano wa lango linaloweza kuzuia au kupitisha ishara za maumivu kuelekea kwenye ubongo. Miaka miwili baadaye, mpasuaji Norman Shealy alimwekea mgonjwa wa saratani kifaa cha umeme karibu na uti wa mgongo ili kupunguza maumivu hayo. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa tiba ya kuchangamsha uti wa mgongo kwa umeme.

Maarifa yalikuwa yakizaliwa, lakini wenye maarifa walikuwa wametawanyika. Mwezi Mei 1973 Bonica aliwaalika watafiti na matabibu zaidi ya 300 huko Issaquah, karibu na Seattle. Kutokana na mkutano huo kulizaliwa Shirika la Kimataifa la Uchunguzi wa Maumivu. Jarida lake, Pain, lilianza kutoka mwaka wa 1975 likihaririwa na Wall, na mwaka uo huo kongamano la kwanza la dunia likafanyika Florence, Italia.

Bonica alifariki Agosti 15, 1994, akiwa na umri wa miaka 77, majuma machache tu baada ya Emma.

Leo tiba ya umeme ni miongoni mwa mambo wanayofunzwa wataalamu wa maumivu. Mengi yake yanaweza kusomwa mbali na hospitali: jinsi ya kuchagua mgonjwa anayefaa, jinsi ya kusoma picha za mgongo, na kwa nini mgonjwa hujaribishiwa kifaa kwa siku kadhaa kabla ya kuwekewa cha kudumu. Lakini kupitisha waya mwembamba karibu na uti wa mgongo ni kazi ya mkono, na mkono hufunzwa na mwalimu aliye kando. Waya ukisogea, nafuu hupotea. Maambukizi yakiingia, kifaa huenda kikalazimika kutolewa. Ndiyo sababu swali lililomkabili Bonica mwaka wa 1943 lingali hai kila kifaa kipya kinapoletwa: je, aliyekishika amefunzwa na nani?