JAMES SIANG'A, GOLIKIPA ALIYEVUKA MPAKA

Ndugu msomaji, ukiwauliza wanafunzi wa shule yetu wakutajie mashujaa wa kandanda, utasikia majina ya wafungaji tu. Golikipa hatajwi, ila siku ile akifungwa bao la kizembe. Ndiyo maana nimechagua kukusimulia maisha ya golikipa, marehemu James Aggrey Siang'a, Mkenya aliyegeuka kocha na kuitikisa Afrika akiwa ugenini.

Siang'a alizaliwa mwaka 1949. Alilinda lango la Gor Mahia na la timu yetu ya taifa, Harambee Stars. Mwaka 1972 alikuwa katika kikosi kilichokwenda Kameruni kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kabisa kwa Kenya kufika huko. Vijana wetu walifungwa 2-1 na wenyeji, wakatoka sare ya 1-1 na Mali, kisha 1-1 tena na Togo. Walirudi nyumbani mapema, lakini si kazi ndogo waliyoifanya, kwani Kenya ilingoja miaka 16, hadi 1988, ndipo ikafika tena kwenye fainali hizo.

Alipotundika daluga, Siang'a hakuuacha mpira. Akawa kocha. Kwa maoni yangu golikipa ana kipawa cha kazi hii. Wenzake wote wako mbele yake, naye husimama nyuma akiuona uwanja mzima: nani amechoka, nani ameacha nafasi, nani anaogopa mpira. Aliwahi kuifundisha Gor Mahia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akakabidhiwa Harambee Stars yenyewe.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini Siang'a alipata jina kubwa zaidi alipokwenda kucheza ngoma ya jirani. Alivuka mpaka akaingia Tanzania, akaifundisha Taifa Stars na klabu ya Simba ya Dar es Salaam. Sisi watu wa Taita Taveta jambo hili halitushangazi. Ukitoka hapa Voi ukapita Mwatate, ukafika Taveta, Holili iko pale pale, nawe uko Tanzania. Huko Taveta utawakuta Wakenya wanaobishana juu ya Simba na Yanga kama vile timu hizo ni za kwao.

Sasa nisikilize vizuri. Mwaka 2003 Simba walipangiwa kucheza na Zamalek ya Misri katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Zamalek ndio waliokuwa mabingwa watetezi, maana walilitwaa kombe mwaka 2002. Nani angeipa Simba nafasi? Mechi ya kwanza, Dar es Salaam, Simba walishinda 1-0. Walipokwenda Cairo, Zamalek wakalirudisha bao hilo, ikawa 1-1 kwa jumla. Hapo ikabidi penalti ziamue.

Penalti, wenzangu, ni mtihani wa golikipa. Langoni alisimama kijana Juma Kaseja, na kwenye benchi alikaa mzee aliyeijua kazi hiyo tangu ujana wake. Kaseja akadaka, Christopher Alex akafunga penalti ya mwisho, na Simba wakashinda 3-2. Mabingwa wa Afrika wakatolewa mbele ya mashabiki wao! Simba waliingia hatua ya makundi pamoja na Enyimba ya Nigeria, Ismaily ya Misri na ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Hawakuvuka hapo, lakini mpaka leo wana Simba hawachoki kuisimulia safari ile ya Cairo. Ama kweli, mgeni njoo mwenyeji apone.

Siang'a alifariki Septemba 2016 baada ya kuugua. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto mdogo, sikujua lolote. Kinachoniuma ni kwamba hata sasa, nikilitaja jina lake hapa darasani, wengi huniuliza ni nani huyo. Mtu aliyeidakia Kenya, akaifundisha Kenya, kisha akawapa majirani furaha yao kubwa, anajulikana zaidi Kariakoo kuliko kwao. Je, hiyo ni haki?

Nami nisilalamike tu bila kutoa wazo. Katika mechi zetu za madarasa hutolewa zawadi kwa mfungaji bora. Nawaomba walimu wetu wa michezo na nyinyi wanafunzi wenzangu, safari hii tumtafutie zawadi golikipa bora pia, hata ikiwa daftari na kalamu. Tumpe akiwa bado anacheza, na akiwa anatusikia tukimshangilia.