Albert Johanneson, Winga wa Leeds

Nitajapo mawinga wa Leeds United wa miaka ya 1960, humtanguliza Albert Johanneson, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, 1940. Alipofika Leeds, 1961, aliona haya kuoga birika moja na wachezaji wazungu, kwani kwao ilikuwa marufuku; wenzake wakamvuta wakamtia majini. Uwanjani lakini haya hakuwa nayo: msimu wa 1963-64 alifunga mabao 13 ya ligi, Leeds ikapanda daraja. Mei 1, 1965, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kucheza fainali ya Kombe la FA. Liverpool walishinda 2-1, naye, nakiri, hakung'ara. Wamkumbukao kwa siku hiyo tu wanamdhulumu. Baadaye majeraha na ulevi vikamwandama. Alifariki Septemba 1995, peke yake, mumo humo Leeds.