Kaisari Aliyejihoji

Katika lugha yetu kuna kiambishi kidogo, ji, ambacho hulirejesha tendo kwa mtendaji mwenyewe. Anayejihoji ndiye mwulizaji na ndiye mwulizwa; anayejitawala ni mtawala na raia kwa wakati mmoja. Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na kila nifikapo kwenye kiambishi hicho humkumbuka mtu ambaye hakulijua neno hata moja la Kiswahili, yaani Marcus Aurelius, Kaisari wa Roma.

Alizaliwa mjini Roma mwaka wa 121 katika ukoo mkubwa. Babake alifariki Marcus angali mtoto mdogo, akalelewa na babu yake. Mwaka wa 138 Kaisari Hadrian, aliyekuwa mgonjwa na asiye na mwana, alimteua Antoninus kuwa mrithi wake, kwa sharti kwamba naye awafanye Marcus na mvulana mwingine, Lucius, kuwa wanawe wa kupanga. Hivyo kijana wa miaka 16 akawekwa kwenye njia ya kiti asichokiomba. Alingoja miaka 23 kabla ya kukikalia.

Katika muda huo alifunzwa ufasaha wa Kilatini na Fronto, na ule wa Kigiriki na Herodes Atticus. Lakini mwalimu aliyemgeuza moyo ni Junius Rusticus, aliyempa mafundisho ya Epictetus, mwanafalsafa aliyepata kuwa mtumwa. Hebu tulipime jambo hilo. Mrithi wa dola kubwa kabisa alikubali kufundishwa maana ya uhuru na mtu aliyewahi kumilikiwa kama mali.

Antoninus alifariki mwaka wa 161. Marcus angeweza kutawala peke yake, lakini alisisitiza kwamba Lucius naye apewe cheo cha Kaisari. Hapo ndipo balaa zilipoanza kuandamana. Vita na Waparthi viliendelea hadi mwaka wa 166, na askari waliorejea kutoka mashariki wakaja na tauni iliyoangamiza watu wengi mno. Makabila ya kaskazini nayo yakauvuka mto Danube. Lucius akafariki mwaka wa 169. Marcus, mpenda vitabu mwenye mwili dhaifu, alilazimika kuishi kambini kwa sehemu kubwa ya miaka iliyomsalia.

Ni katika kambi hizo ndipo alipoandika maandishi ambayo leo yamempa sifa kuliko vita vyake vyote. Sehemu moja yataja Carnuntum, mahali palipo Austria ya leo. Kilatini kilikuwa lugha ya jeshi na sheria, lakini yeye aliandika kwa Kigiriki, lugha ya wanafalsafa. Hakuwa akiwaandikia wasomaji. Alikuwa akizungumza na nafsi yake, na aghalabu alijisemesha kwa nafsi ya pili, kana kwamba Kaisari ameketishwa kizimbani mbele ya Marcus. Humo anajikemea kwa uvivu wa kuondoka kitandani asubuhi, anajionya dhidi ya hasira, na anajihadhari asije akaleweshwa na joho la ufalme. Sehemu ya kwanza ni orodha ya watu waliomlea na kumfunza, pamoja na jambo alilojifunza kwa kila mmoja wao. Mwenye dola nzima aliketi akayahesabu madeni yake ya moyo.

Je, kujihoji huko kulimfaa kitu? Mwaka wa 175 jemadari Avidius Cassius alijitangaza Kaisari huko mashariki, baada ya kuenea uvumi kwamba Marcus amekufa. Miezi mitatu hivi baadaye maafisa wake mwenyewe walimwua, na kichwa chake kikapelekwa kwa Marcus. Marcus alikataa kukitazama, akaamuru kizikwe. Hasira aliyoipiga vita katika maandishi haikupata nafasi siku ilipokuwa na kila kisingizio.

Hata hivyo, sitaki kumfanya malaika. Ni chini ya utawala wake ambapo Wakristo wa Lyon waliuawa kikatili mwaka wa 177. Mwaka huo huo alimpandisha mwanawe Commodus, ambaye hakuwa amefika hata miaka 17, kuwa Kaisari pamoja naye. Kwa karibu miaka 80 kiti kilikuwa kimepita kwa wana wa kupanga. Sasa kikarudi kwa mwana wa damu. Marcus alifariki mwaka wa 180, na Commodus akatawala kwa anasa na ukatili hadi alipouawa mwaka wa 192.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye funzo zito kuliko yote. Mtu huyu aliichungulia nafsi yake kila pembe, lakini alipomtazama mwanawe macho yakaingia ukungu. Nafsi ya mtu haiishii kwenye ngozi yake. Yaendelea hadi kwa watoto wake, ukoo wake na watu wa kwao. Sisi Wakenya twalijua jambo hilo vyema. Wangapi miongoni mwetu huweza kukiri kosa lao wenyewe, lakini likitajwa kosa la mtu wetu twasimama kumkinga? Nyani wa methali haoni kundule. Nami naongeza kwamba haoni hata la nduguye.

Lugha yetu imeliona hilo zamani. Kiambishi kile kile kinachotupa kujijua ndicho kinachotupa kujiona, na anayejiona, kama tujuavyo sote, ni mwenye kiburi asiyejiona hata kidogo. Neno kujitawala nalo twalitumia kwa mtu na kwa taifa pia. Taifa letu lilipata madaraka ya kujitawala tarehe 1 Juni 1963. Lakini mzazi, mwalimu, karani na waziri, kila mmoja ana madaraka yake ya ndani ambayo hakabidhiwi na mkoloni yeyote. Huyapata kwa kujiuliza, na swali la kwanza lihusu lile tulipendalo mno.