Bi Kidude, Somo wa Wanawali

Hapa Pemba kijana hujifunza msewe kwa kuutazama uwanjani. Unyago hautazamwi. Ndiyo maana tunamkumbuka marehemu Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, mzaliwa wa Mfagimaringo, Unguja, binti wa muuza nazi. Wengi humjua kwa taarab na kwa tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005. Sisi tuliosomea ualimu twamheshimu zaidi kwa kufunda.

Hakuandika andalio la somo. Alijifunga msondo kiunoni, akaupiga akiwa amesimama. Mwari hakuhesabiwa hatua: alifuatisha viuno vya wakubwa, akikosea akirudia, mpaka mwili ukashika. Michezo ile ilikuwa mafunzo ya unyumba, na mwanamume hakukaribia.

Baadaye aliipiga ngoma hiyo hata jukwaani, mbele ya wanaume na wageni. Hapo, twakiri, tulisita. Lakini pengine bila hivyo wengi wasingalijua kwamba ipo.

Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Daftari hakuacha. Atakaye kujua alivyofundisha hana budi kuwauliza wanawake aliowafunda, nao hawamwambii kila mtu.