Pretorius, Mpelelezi wa Delta ya Rufiji

Wadogo zetu mlio madarasani huisoma habari ya manowari Königsberg kama habari ya mizinga. Kabla ya mizinga ulikuwapo upelelezi. Magharibi ya Shungimbili, ng'ambo ya bahari, ipo delta ya Rufiji. Humo alijificha Kapteni Looff baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar, tarehe 20 Septemba, 1914. Mwezi uliofuata Waingereza waliipekua meli ya Kijerumani huko Lindi, wakakuta hati zilizotaja makaa yaliyopelekwa Salale. Siri ikafichuka. Januari 1915 wakaitwaa Mafia iwe kituo chao.

Ndipo akaitwa P. J. Pretorius, Kaburu mwindaji wa tembo, mtu mwenye kisasi: Wajerumani walikuwa wamemnyang'anya shamba lake upande wa Ruvuma. Alivuka kwa siri akaingia mikokoni. Kuiona meli ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kupima kina cha mifereji na kujua nyakati za maji kujaa na kupwa, kwani manowari kubwa zisingepita. Wenyeji ndio waliomwonyesha njia, nao, kwa maoni yangu, hawakupewa sifa wanayostahili.

Vipimo hivyo viliziongoza Severn na Mersey, manowari zinazoelea maji machache. Tarehe 6 Julai, 1915, zilishindwa. Tarehe 11 zikarudi, Königsberg ikaangamia. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, wakaiburuta nchi kavu kupigana tena. Pretorius naye akawa skauti wa Jenerali Smuts. Alifariki mwaka 1945.